Mtunzi Hajulikani

Kompyuta yangu iliniambia nisubiri. Iliniambia kwa Kiingereza, maandishi meupe kwenye dirisha jeusi, bila hata kuona haya: orodha ya programu niliyokuwa nikiitafuta mtandaoni ipo, ila bado haijaanza kutumika, na itaanza baada ya saa tano na dakika kadhaa. Nilisoma, nikarudia kusoma. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimezoea kusubiriwa, si kusubirishwa. Nikaijibu kwa sauti, peke yangu nyuma ya tangi la maji ambako ndiko mtandao hushika, kwamba haitanipangia foleni kwa boma letu.

Hasira yenyewe haikuanzia kwa kompyuta. Ilianza mwaka uliotangulia, Nakuru, kwenye tamasha la kwaya za jimbo. Kwaya moja kutoka huko bondeni ilipanda jukwaani ikaimba wimbo wa mama yangu. Si wimbo unaofanana na wake. Wake. Aliutunga zamani akichimba viazi hapa kwetu, karibu na Olenguruone, kwa ajili ya sadaka ya mavuno, ile Jumapili watu wanapoleta kanisani kuku, kabeji na debe la mahindi, na vitu vinapigwa mnada mpaka mbuzi wanachoka kusimama. Maneno yake ni ya kawaida tu: Bwana, pokea hivi viazi, hata vile vidogo, maana vidogo pia vilinyeshewa. Kigango chetu kiliuimba, wageni wakaondoka nao, wageni wa wageni wakaondoka nao, na sasa huo hapo ulikuwa umerudi na sare za zambarau.

Nilifungua karatasi ya ratiba nione wameandika nini. Wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Mama alikuwa ameketi kando yangu benchi ya mbele, mkoba wake magotini. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi kama watu wote, kisha akasema, "Soprano wamechelewa pale kwa 'vidogo'." Na kweli walikuwa wamechelewa, nusu ya pigo, mimi sikusikia. Masikio ya mama hayapitwi na kitu. Hakusema lingine mpaka tulipofika nyumbani, akawa anavua viatu mlangoni.

"Hajulikani," akasema. "Na mimi nimekaa hapo mbele."

Iliniuma. Iliniuma kuliko nilivyomwonyesha, na nikaamua siku hiyo kwamba hilo neno halitaandikwa tena juu ya wimbo wake nikiwa hai na kwaya iko mikononi mwangu.

Basi mwaka huu kamati ya tamasha ikatoa sharti. Kwaya inayotaka kuimba wimbo wake yenyewe ilete nakala iliyochapishwa, sauti zote nne kwa solfa, jina la mtunzi juu, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Ya mkono haikubaliwi. Picha ya simu haikubaliwi. Asiyeleta achague wimbo wa kitabuni. Viongozi wengine wa kwaya walinung'unika kwelikweli. Mimi nilifurahi, maana hatimaye mtu alikuwa ameuliza huu wimbo ni wa nani, na jibu nilikuwa nalo nyumbani, likinywa chai.

Solfa yetu huishi kwenye karatasi za manila. Mama huandika kwa kalamu nene, d, r, m, f, na nukta mbili katikati kuonyesha mapigo, soprano juu, besi chini, kisha karatasi inabandikwa ukutani na kwaya nzima inaisoma kutoka kwa mabenchi. Kila herufi lazima isimame chini ya mwenzake ndio alto ajue yuko pamoja na sauti ya tena. Ukijaribu kitu kama hicho kwa programu ya kawaida ya kuandikia barua, mistari inatembea. Unapanga soprano vizuri, unagusa besi kidogo, alto anahama nyumba. Tena kila ukianza mstari, d ndogo inageuzwa kuwa kubwa na mashine inayodhani inakufundisha kuandika.

Lakini kuna programu nyingine, ya bure, ya kupangia kurasa za vitabu. Nilijifunza chuoni, tukiandikia hesabu. Kwa programu hiyo huchori ukurasa mwenyewe. Unaandika amri: hapa weka sauti nne, hapa kata pigo, hapa weka jina. Ukimaliza unaiachia, nayo inapanga kila kitu kwa mstari kama miche shambani. Ina hata kifurushi cha solfa, ambacho mtu fulani, Mungu ambariki popote alipo, alikaa akakiunda na kukigawa bila kudai kitu. Shida ni kwamba sikuwa nayo tena. Laptopu yangu ilikufa wakati wa Krismasi, fundi mmoja wa Nakuru akaibadilisha diski na kuweka mfumo mpya, na programu yangu ikaenda na diski ya zamani. Ilibidi niishushe upya. Ndipo nikaambiwa nisubiri.

Na nilisubiri, sitakataa. Nilienda shule, nikafundisha, nikarudi jioni kabla jua halijazama, nikaketi tena nyuma ya tangi. Ikasema nisubiri. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba orodha ile hutolewa upya mara kadhaa kwa siku, kwa hivyo kila nilipomaliza kusubiri, mpya ilikuwa imeshatoka na yenyewe pia ilikuwa "bado". Wakati huo nilijua kitu kimoja tu, kwamba nilikuwa nachezewa.

Nilifanya yote ambayo mtu hufanya. Nilizima, nikawasha. Nilibadilisha laini ya simu. Hifadhi za programu hiyo ziko nyingi duniani, kila moja ni nakala ya mwenzake, kwa hivyo nikaiambia ichukue kwa hifadhi ya Afrika Kusini. Ikakataa. Ya Ujerumani, ikakataa kwa maneno yale yale. Nikaona nipite mlango wa nyuma, nikachukua faili ya kusakinisha moja kwa moja kutoka kwa wenye programu. Hiyo nayo ikaniambia sahihi iliyowekwa kwenye faili ni ya wakati ujao, haiwezi kuiamini. Wakati ujao. Nikatazama yale maneno, nikamtazama kuku aliyekuwa akichakura karibu na mguu wangu, na kabla sijajua la kufanya, bando likaisha.

Mama alipita na ndoo. "Imekubali?"

"Bado."

"Iambie ifanye haraka. Mimi sina umri wa kungoja mashine."

Aliongea kama mtu anayeongea juu ya mvua, lakini lilinishika moyoni. Ni mzee mama yangu. Mwaka mwingine wa kuitwa hajulikani sikutaka aupate.

Siku ya pili mwenyekiti wa kwaya akanipata langoni mwa shule. Yeye huuza mbolea, ni mtu mzuri, anaimba besi, na hapendi kelele. "Madam," akasema, "wacha tushike wimbo wa kitabuni. Uko tayari. Una solfa, una jina la mtunzi, una kila kitu."

"Mtunzi ni nani?"

"Si ni mtu wa huko ng'ambo."

"Basi huyo anajulikana vya kutosha."

"Madam, tusigombane. Jumamosi ndiyo hiyo."

"Hatugombani, mwenyekiti. Nakataa tu."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Najua alichowaambia wengine, kwamba madam amekuwa mgumu. Niliambiwa na watu watatu tofauti kabla ya chakula cha mchana, na wote watatu niliwajibu kwamba ni kweli.

Jumatano baada ya masomo nikashuka Nakuru kwa yule fundi. Hakuifungua hata laptopu. Aliitazama kwa nje, akaipindua, akaigonga mgongoni kwa kidole. "Madam, hii kitu imezeeka. Nunua ingine nikuwekee kila kitu fresh."

"Ninayemwandikia wimbo amezeeka kuliko hii, na bado anafanya kazi."

Alicheka. Alisema basi niende hapo saiba, duka la intaneti la jirani, wanichapie tu. Nilienda, kwa sababu mtu akizama hushika hata jani. Msichana wa pale alikuwa na vidole vyepesi sana. Alinichapia ukurasa mzima nikiwa bado natafuta pa kukaa, akanikabidhi akitabasamu. Alto walikuwa wamekalia vichwa vya watu wa tena, na nukta mbili zote zilikuwa zimeondolewa.

"Zile alama zilikuwa mob sana, zimejaa kila mahali," akanieleza. "Nikakusafishia."

Sikumkemea. Kwa macho yake alikuwa amenisaidia. Nilikunja ile karatasi nikaitia mkobani, nikapanda kurudi kwetu milimani nikiwa nimefura kama andazi. Njiani nilifikiria kumpigia mwenyekiti simu nimwambie sawa, tushike wa kitabuni. Nilifika mpaka kutafuta namba yake. Kisha akilini nikamwona tena mama akivua viatu mlangoni, nikairudisha simu mfukoni.

Alhamisi mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya asubuhi peke yake, na kwa sura yake nilijua sitapata nyingine. Nikaketi nyuma ya tangi, laptopu magotini. Nilitaka kujua nimebakisha muda gani. Pembeni mwa skrini imeandikwa 3:15. Saa tatu na robo. Sawa. Nikachukua simu niwashe intaneti. Simu imeandikwa 9:15. Saa tatu na robo. Sawa pia.

Niliiweka simu chini. Nikaichukua tena, nikaisimamisha kando ya skrini, nikazitazama zote mbili kama mtu anayelinganisha mapacha. Zote zilikuwa sawa, na hazikuwa zimeandika kitu kimoja.

Tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa naitazama ile pembe kila siku. Sisi hapa saa inaandika tisa na mdomo unasema tatu, na akili imezoea kuvuka hapo katikati bila kuulizwa. Siku ile saa inapoandika tatu yenyewe, utashuku nini? Mgeni angeona mara moja. Mimi niliona saa ambayo ni kweli. Kumbe kompyuta ilikuwa nyuma ya dunia nzima kwa saa sita. Orodha iliyotolewa asubuhi hiyo, kwake ilikuwa ya asubuhi ambayo haijafika, na ile sahihi iliyowekwa saa chache kabla sijaishusha faili, kwake ilikuwa imewekwa na mtu wa saa zijazo. Haikuwa imezeeka. Ilikuwa imeamini saa iliyopewa, na nilijua ni nani aliyeipa.

Parokia nzima inaijua saa ya mkono ya mama. Yeye huiweka kama watu wanavyosema. Ikiwa ni saa mbili, mshale unasimama kwa mbili, basi. Padri mmoja aliwahi kuichungulia katikati ya mkutano akaruka kutoka kwa kiti. Betri ya saa hiyo iliisha baada ya Krismasi, na laptopu yangu hukaa mezani sebuleni.

Nilimkuta nje ya jiko akimenya viazi.

"Mama, uligusa saa ya laptopu?"

"Sikugusa. Nilirekebisha."

"Ulirekebisha nini?"

"Ilikuwa inasema nane na watu wanakunywa chai ya asubuhi."

"Na neno la siri ulitoa wapi?"

"Si ni mwanzo wa wimbo wangu? Utanificha wimbo wangu?" Akaendelea kumenya. "Ina kiburi hiyo mashine. Kila ukiweka bando inarudia ile yake ya kizungu. Nikatafuta mahali inajirudishia, nikazima."

Nilikasirika kwelikweli. Siku zote hizo, fundi, saiba, maneno ya mwenyekiti. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka akione usoni mwangu, kwa sababu nilijua nimeutoa wapi huu ugumu ninaosemwa nao.

"Naenda kuirudisha ya kawaida," nikasema.

"Ya kawaida ya nani?" Kisu kilisimama. "Jua likitoka ndio siku imeanza. Saa moja, saa mbili. Wewe unataka kuanza kuhesabu siku usiku wa manane, watu wamelala. Hiyo ndiyo kawaida?"

"Mama, hiyo saa ndiyo inazuia jina lako."

 Nikamweleza, kwamba vitu tunavyohitaji vinatoka mbali, vimegongwa muhuri wa saa za huko, na mashine yetu inavikataa kwa sababu kwake hiyo saa haijafika. Alisikiliza akiwa na kiazi mkononi.

"Kwa hivyo jina langu linangoja saa ya watu wengine."

"Ndiyo."

Alitupa kiazi kwenye beseni, maji yakaruka. "Basi wape saa yao. Wakishatoa kitu chetu, urudishe yetu."

"Nitarudisha."

"Uape."

Niliapa, mwanamke mzima na chaki yangu na wanafunzi wangu, mbele ya beseni la viazi.

Nikabadilisha saa. Nikaiambia kompyuta itafute orodha tena, na ikaipokea kimyakimya, bila pole wala nini, kana kwamba hatukuwa tumegombana wiki nzima. Faili zikaanza kushuka. Mtandao ukakatika, nikasimama juu ya jiwe na simu juu, ukarudi. Kifurushi cha solfa kikadai nisasishe kingine kwanza, nikakisasisha. Kikadai fonti, nikakipa fonti. Mwisho wake kikakosa cha kudai.

Tukaandika wimbo pamoja. Mama hakunisomea herufi kutoka kwa manila. Hajui kusoma solfa bila kuimba, na hataki kujua. Aliimba soprano, nikaandika. Aliimba alto, kisha sauti ya tena, nikaandika. Besi aliimba kwa sauti ya chini kabisa, shingo ameikunja, mpaka ng'ombe akageuka kutazama. Nilibonyeza, programu ikafikiria kidogo, na ukurasa ukatokea. Sauti nne, kila herufi chini ya mwenzake, kila pigo na nukta zake. Juu upande wa kulia niliweka majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Nilimgeuzia skrini. Aliinama karibu. Kidole chake kilipita juu ya majina yale bila kusimama, kikashuka, kikatembea polepole mpaka mstari wa mwisho.

"Hapa besi hawashuki," akasema. "Umeandika unachofikiria, si nilichoimba."

Nilikuwa nimechelewa shule, nikamwambia nitarekebisha kesho. Kabla ya kuondoka nikarudisha saa, kwa sababu nilikuwa nimeapa na yeye alikuwa amesimama hapo akihakikisha.

Ijumaa asubuhi nikarekebisha besi, nikapanga ukurasa upya, nikauweka kwenye flashi, nikamwomba mwalimu mwenzangu anishikie vipindi, nikashuka Nakuru kuuchapisha. Kijana wa kamati aliyekuwa akipokea nakala alikuwa na tai na muhuri. Alikagua sauti zote nne kwa makini, akafika chini kabisa ambako programu huandika tarehe na saa ukurasa ulipotengenezwa.

"Madam, mlikesha?" akauliza. "Hapa inasema saa saba na nusu usiku."

Nilichungulia. Ilikuwa 1:30.

"Inasema saa moja na nusu asubuhi," nikamwambia. "Isome vile imeandikwa."

Alinitazama, akatazama karatasi, akatazama foleni nyuma yangu. Akagonga muhuri.

Jumamosi tukapanda jukwaani. Mama alikuwa benchi ya mbele, mkoba magotini, saa yake ya mkono ikiwa na betri mpya. Mwenyekiti alikuwa mstari wa besi na hakuniangalia usoni, ila tai yake ilikuwa imepigwa pasi. Mtangazaji akasoma jina la kigango chetu, kisha jina la wimbo, kisha akasema mtunzi ni, na akasoma yale majina matatu haraka haraka kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya duka. Nilikuwa nimeshainua mkono kuanzisha kwaya.

"Sijasikia," mama akasema.

Hakupiga kelele. Lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu akageuka. Mtangazaji akabaki na kipaza sauti karibu na mdomo. "Sema, mathe?"

"Sijasikia mtunzi. Rudia."

Mtangazaji alinitazama mimi, akingoja nimwokoe. Mwenyekiti alikuwa anasoma sakafu. Nilimtazama mwanamke ambaye husikia soprano akichelewa nusu ya pigo, amekaa wima, mikono miwili juu ya mkoba. Nikateremsha mkono.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Safari hii alisoma polepole, jina moja, akapumua, la pili, akapumua, na la mwisho. Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji yake sawasawa, kisha akanionyesha kwa kidevu kwamba sasa naweza kuendelea. Nikainua mkono, na pale kwa "vidogo", soprano hawakuchelewa.